Watoto Walioonekana Bila Kuulizwa

Mwishoni mwa mwaka 1873, mwanamke mmoja aitwaye Etta Wheeler alikuwa akizunguka katika nyumba za kupanga za upande wa magharibi wa jiji la New York. Kazi yake ilikuwa ya kanisa: kutembelea wagonjwa, kuwapelekea maskini chakula na nguo, kukaa na wazee wasio na mtu. Nyumba hizo zilijaa wahamiaji, familia nzima katika chumba kimoja au viwili, na kuta zilikuwa nyembamba kiasi kwamba jirani akikohoa unamsikia. Kupitia kuta hizo watu walikuwa wakisikia mtoto akipigwa na kulia. Wakamwambia Wheeler.

Alitaka amwone mtoto huyo kwa macho yake kabla ya kusema neno. Jirani na chumba cha mtoto huyo aliishi mama wa Kijerumani aliyekuwa mgonjwa sana, na hapo Wheeler akapata sababu ya kubisha hodi: aliwaomba wenye chumba, akina Connolly, wamwangalie mgonjwa mara mojamoja. Mlango ulipofunguliwa alimwona msichana aliyemdhania kuwa na miaka mitano. Kumbe alikuwa anakaribia kumi. Ilikuwa Desemba, baridi ya kuganda, naye yuko peku na kigauni chembamba, akiosha vyombo na kuhangaika na kikaango kizito. Mezani ulikuwapo mjeledi wa ngozi iliyosokotwa. Mikono na miguu ya mtoto ilikuwa na alama za mjeledi huo.

Mtoto huyo ni Mary Ellen Wilson, na historia ya sheria za kumlinda mtoto huanzia kwake mara nyingi. Baba yake alikufa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Mama, akiwa hana budi kufanya kazi, alimweka kwa mlezi wa kulipwa. Malipo yalipokatika, mlezi akampeleka kwenye idara ya misaada ya jiji. Mwaka 1866 idara hiyo ikamkabidhi kwa bwana na bibi McCormack kwa hati ya maandishi. Bwana alidai kuwa yeye ndiye baba halisi, na hakuna aliyeyachunguza maneno yake. Hati iliwataka walezi wapeleke taarifa ya mtoto kila mwaka, na taarifa hizo zilitolewa mara chache mno. McCormack akafariki, mjane wake akaolewa na Francis Connolly, na mtoto akahama nao kama samani za nyumba. Mwaka 1874 hakuwa na damu ya yeyote katika nyumba aliyokuwa akiishi.

Wheeler alikwenda polisi, wakamwambia alete ushahidi. Alikwenda kwenye mashirika ya hisani, wakamjibu kwamba mtoto akifikishwa kwao kwa njia halali watampokea, ila wao hawana mamlaka ya kuingia nyumba ya mtu. Majibu hayo yalikuwa ya adabu na kila moja lilikuwa na mantiki yake. Hata hivyo, yakiwekwa pamoja yalimaanisha kwamba mtoto angeendelea kupigwa hadi afe, na ndipo sheria ingekuwa na la kufanya. Ni mpwa wa Wheeler aliyemshauri aende kwa Henry Bergh, tajiri aliyekuwa ameanzisha mwaka 1866 chama cha kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, mtu aliyejulikana kwa kuwasimamisha barabarani wachukuzi waliowapiga farasi wao.

Hapa inafaa kusahihisha hadithi ambayo bado husimuliwa hata na waalimu wa ustawi wa jamii: kwamba Mary Ellen aliokolewa kwa sheria ya wanyama, kwa hoja kuwa mtoto naye ni mnyama. Haikuwa hivyo. Bergh alieleza kwamba anaingia katika shauri hilo kama raia, wala si kwa niaba ya chama chake. Mwanasheria wake, Elbridge Gerry, alichimbua kifungu cha kale kilichomruhusu hakimu kuagiza mtu anayeshikiliwa na mwingine aletwe mbele yake. Kwa hiyo chombo cha kumwondoa mtoto katika hatari kilikuwapo tayari katika sheria. Kilichokosekana miaka yote ile ni mtu wa kukitumia. Kwangu mimi ukweli huu ni mzito kuliko hadithi ya wanyama, kwa kuwa unaondoa ule udhuru kwamba watu wa zamani hawakuwa na la kufanya.

Tarehe 9 Aprili 1874, Mary Ellen aliletwa mbele ya Jaji Abraham Lawrence akiwa amezungushiwa blanketi. Alikuwa na jeraha bichi usoni, la mkasi, lililopita karibu na jicho. Mwandishi wa habari Jacob Riis alikuwamo mahakamani, na baadaye aliandika jinsi wanaume walivyolia. Kisha likafanyika jambo ambalo halikuwahi kufanyika katika maisha ya mtoto yule: mtu mzima alimuuliza maswali, na wengine wakanyamaza wasikie majibu. Alieleza kwamba hajui umri wake. Kwamba alikuwa akipigwa karibu kila siku. Kwamba hakuruhusiwa kucheza na watoto wengine, na hakumbuki kubusiwa wala kupakatwa na mtu. Kwa nini alikuwa akipigwa, hakujua.

Mama Connolly alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na kazi ngumu. Mary Ellen alilelewa hatimaye na jamaa za Wheeler mwenyewe, mashambani karibu na mji wa Rochester. Aliolewa, akazaa mabinti, mmoja akamwita Etta, akaishi mpaka mwaka 1956, akafa akiwa na miaka 92. Na mwezi Desemba wa mwaka huohuo wa kesi, Bergh, Gerry na wenzao walianzisha New York Society for the Prevention of Cruelty to Children, chama cha kwanza duniani kilichoundwa mahsusi kuzuia ukatili dhidi ya watoto.

Habari za chama hicho zilivuka bahari kwa njia ya kawaida kabisa. Thomas Agnew, mtu wa benki kutoka Liverpool, alikwenda New York mwaka 1881, akaona kazi yao, akarudi kwao na mwaka 1883 akaanzisha chama cha namna hiyo. London ikafuata mwaka 1884, ikiongozwa na mchungaji Benjamin Waugh, na mwaka 1889 vyama vya miji vikaungana kuwa chama cha kitaifa, NSPCC. Mwaka huo pia bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kwanza ya kuzuia ukatili kwa watoto. Bunge hilohilo lilikuwa limepitisha sheria ya kuzuia ukatili kwa ng'ombe na farasi mwaka 1822. Miaka 67 ilipita kati ya farasi na mtoto.

Kilichochelewesha ni heshima ya nyumba. Wabunge wengi hawakuwa watu wakatili, ila waliamini kuwa mamlaka ya baba juu ya wanawe ndiyo nguzo ya jamii, na kwamba askari akishaingia jikoni kwa mtu hakuna tena kitakachobaki salama. Sheria ya 1889 ndiyo iliyoufungua mlango huo: polisi wakaruhusiwa kumkamata anayemtesa mtoto, na mahakama ikapewa uwezo wa kumkabidhi mtoto kwa mtu mwingine. Mwaka 1894 ikaongezewa nguvu, ikatambua hata mateso ya nafsi, na ikawa kosa kumnyima mtoto mgonjwa matibabu. Wazo la kwanza la ulinzi wa mtoto, kwamba mtoto ni mtu mwenye haki yake mbele ya mzazi wake, lilikuwa limeandikwa.

Kwa kiasi fulani lilisahauliwa pia. Nusu ya kwanza ya karne ya 20 ilikuwa na vita viwili vikubwa na njaa yake, na juhudi nyingi zilielekea kwenye lishe, chanjo, mayatima na wakimbizi. Ukatili wa ndani ya nyumba ulirudi gizani. Ulikumbukwa kwa mshtuko Januari 1945, mvulana wa miaka 12, Dennis O'Neill, alipofia katika shamba moja la Shropshire alikokuwa amewekwa na serikali ya mtaa alelewe. Alikuwa amedhoofu kwa njaa na amepigwa. Halmashauri mbili, ya Newport iliyompeleka na ya Shropshire alikopelekwa, ziliachiana kazi ya kumtazama. Kifo hicho kilisaidia kuleta sheria ya mwaka 1948, iliyoitaka kila halmashauri iwe na afisa wa watoto.

Madaktari walichelewa zaidi kuliko wabunge. Mwaka 1946 John Caffey, bingwa wa picha za eksirei, alichapisha habari za watoto wachanga sita waliokuwa na damu iliyovuja kichwani na mifupa iliyovunjika mikononi na miguuni. Alieleza majeraha kwa uangalifu mkubwa. Hakusema waziwazi nani aliyeyasababisha. Kwa miaka 16 zaidi, hospitali ziliendelea kupokea watoto waliovunjika mifupa mitatu kwa nyakati tofauti na kuandika kwamba mtoto ameanguka kitandani.

Aliyesema ni Henry Kempe wa Denver, Colorado, aliyezaliwa Breslau katika familia ya Kiyahudi na kuikimbia Ujerumani ya Hitler akiwa kijana. Yeye na wenzake waliziandikia hospitali kuuliza kama ziliona watoto wa aina hiyo. Hospitali 71 zilijibu: katika mwaka mmoja, watoto 302. Kati yao 33 walikufa na 85 walibaki na madhara ya kudumu ya ubongo. Makala yao ilitoka Julai 1962 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani, na ndani ya miaka mitano hivi majimbo ya nchi hiyo yalikuwa yamepitisha sheria za kumlazimisha daktari atoe taarifa anaposhuku kuwa mtoto amepigwa. Hilo ni wazo la pili, na ndilo linalowasumbua watu wengi hadi leo: kwamba anayeshuku tu, bila uhakika, anapaswa kusema. Kuthibitisha ni kazi ya wengine.

Ila kusema hakutoshi kama kila mtu anasema peke yake. Somo hilo lilitoka Brighton, Uingereza. Maria Colwell alilelewa kwa miaka zaidi ya mitano na shangazi yake, dada wa baba, akiwa mtoto mwenye furaha. Mwaka 1971 mahakama ilikubali arudishwe kwa mama yake, aliyekuwa akiishi na mwanaume mwingine. Maria alikataa. Alilia, alitoroka kurudi kwa shangazi. Watu wazima walilichukua hilo kama hali ya kupita, na hoja iliyoshinda ni kwamba mtoto mahali pake ni kwa mama. Akaanza kukonda. Majirani walimwona akisukuma mizigo ya makaa ya mawe iliyomzidi nguvu. Waalimu waliona michubuko. Simu zilipigwa kwa halmashauri, kwa NSPCC, kwa polisi. Januari 1973 baba wa kambo alimpiga hadi akafa, akiwa na miaka saba.

Tume iliyochunguza kifo hicho ilikuta jambo la ajabu: hakuna aliyekosa habari. Mwalimu alikuwa na yake, jirani alikuwa na yake, afisa ustawi alikuwa na yake, na majalada hayakukutana. Baada ya ripoti ya 1974 Uingereza iliweka kamati za wilaya za kuwalinda watoto, daftari la watoto walio hatarini, na kikao cha pamoja ambacho mwalimu, daktari, polisi na afisa ustawi huketi meza moja na kila mmoja kuweka alichokiona. Kikao hicho kinaonekana leo kitu cha kawaida kabisa. Kilianza kwa kifo cha Maria.

Halafu mambo yakaelemea upande wa pili. Mwaka 1987 huko Cleveland, kaskazini mashariki ya Uingereza, katika miezi michache watoto 121 waligunduliwa na madaktari kuwa wametendewa ukatili wa kingono, na wengi wakaondolewa nyumbani mara moja. Wazazi wakapiga kelele, magazeti yakachukua upande, na watoto wengi wakarudishwa. Jaji Elizabeth Butler-Sloss, aliyeongoza uchunguzi, hakuridhika na yeyote. Alikubali kwamba ukatili huo upo na ni mwingi kuliko jamii ilivyotaka kuamini. Lakini alionyesha pia kuwa watoto walikuwa wamepimwa na kuhojiwa tena na tena, wakasogezwa huku na huko kama vielelezo vya kesi, na kwamba mamlaka inayookoa inaweza nayo kuumiza. Katika mabishano ya wakubwa, watoto 121 walikuwa wamepotea.

Sheria ya Watoto ya Uingereza iliyopitishwa tarehe 16 Novemba 1989 ilitoka katika miaka hiyo ya majonzi na magomvi, na kwa maoni yangu ni kati ya sheria zilizoandikwa kwa busara kubwa kabisa. Inaweka ustawi wa mtoto mbele ya jambo lolote mahakama inapoamua juu ya malezi yake. Inaitaka mahakama izingatie matakwa na hisia za mtoto kwa kadiri ya umri na uelewa wake. Inaonya kwamba kuchelewa kwenyewe ni dhara. Tena inaweka kizingiti: dola haiwezi kumchukua mtoto kwa sababu nyumba ni maskini au chafu, au kwa kuwa wazazi wana imani tofauti, lazima kuwe na madhara makubwa, au dalili za kweli kwamba yatatokea. Madhara hayo ni pamoja na kudumazwa kwa akili, mwili au mwenendo wa mtoto, kwa maana mtoto anaweza kuharibiwa pasipo kupigwa hata kofi moja. Siku nne baadaye, tarehe 20 Novemba, Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Mtoto, wenye kifungu cha 3 kuhusu maslahi bora ya mtoto na cha 12 kuhusu haki yake ya kusikilizwa. Nchi za Afrika zikaandika mkataba wao Addis Ababa mwezi Julai 1990.

Kwa hiyo ilipofika mwaka 1999, Uingereza ilikuwa na kila kitu. Sheria, daftari, vikao, timu maalumu za polisi, miongozo iliyojaza makabati. Ndipo akafika mtoto kutoka Afrika.

Victoria Climbié alizaliwa Novemba 1991 karibu na Abidjan, Ivory Coast, mtoto wa tano kati ya saba. Mwaka 1998 shangazi wa baba yake, Marie-Thérèse Kouao, aliyekuwa akiishi Ufaransa, aliwatembelea akasema yuko tayari kumchukua mtoto mmoja akamsomeshe Ulaya. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa zaidi. Watoto wangapi wamelelewa mjini na ndugu wa baba au wa mama, wakapata shule, wakawa watu? Mkono mmoja haulei mwana. Wazazi wa Victoria hawakumtupa mtoto wao. Walimpa walichoamini kuwa ni bahati. Alisafiri kwa pasipoti yenye jina la msichana mwingine, Anna, na kwa jina hilo ndivyo maofisa wa London walivyomjua mpaka alipokufa.

Waliingia London Aprili 1999. Shule aliyoahidiwa hakuipata. Katika miezi yake kumi Uingereza Victoria hakuandikishwa shuleni hata siku moja, na hakuna ofisi iliyoona ajabu kwamba mtoto wa miaka saba analetwa ofisini saa za masomo. Mwezi Juni ndugu mmoja wa mbali alishtushwa na hali yake, akapiga simu ustawi wa jamii bila kutaja jina lake. Mwezi Julai Kouao alihamia na mtoto katika chumba cha dereva wa basi, Carl Manning, huko Tottenham. Mwezi huohuo mama mmoja aliyekuwa akimtunza Victoria mchana aliona majeraha yake, na binti yake akampeleka hospitali. Daktari kijana alishuku kuwa ameteswa. Bingwa akamtazama, akasema ni upele, na anajikuna mwenyewe. Kesho yake akarudishwa kwa Kouao.

Kabla mwezi haujaisha alikuwa hospitali nyingine, safari hii ameungua kichwani na usoni. Alikaa wiki mbili. Wauguzi waliona alama mwilini. Waliona pia kwamba mtoto mchangamfu, aliyependa kuzunguka wodini kwa nguo nzuri, alibadilika kabisa Kouao alipoingia. Mambo hayo hayakufika yalikopaswa kufika yakiwa na uzito wake. Afisa ustawi na polisi waliopewa shauri hawakwenda kukagua nyumba kwa kuogopa kuambukizwa upele. Tarehe 6 Agosti alitoka hospitali, akarudi Tottenham.

Afisa ustawi aliyekuwa na jalada lake alimwona mara nne, na ukijumlisha muda wote aliozungumza naye haufiki nusu saa. Mikutano ilikuwa na Kouao, juu ya matatizo ya Kouao ya nyumba na fedha, kwa kuamini kauli za Kouao, aliyejitambulisha kuwa mama mzazi. Mtoto alikuwa amekaa pembeni. Viongozi wa dini walielezwa kuwa ana mapepo, na maombi yakafanywa.   Majira ya baridi yalipofika, Victoria alikuwa akilala ndani ya beseni la kuogea, katika bafu lisilo na joto, amefungwa mikono na miguu ndani ya mfuko wa taka.

Alikufa tarehe 25 Februari 2000. Joto la mwili wake lilipopimwa hospitali siku iliyotangulia lilikuwa nyuzi 27. Mchunguzi wa maiti alihesabu majeraha na makovu 128. Siku hiyohiyo aliyokufa, ofisi ya ustawi ya Haringey, halmashauri ilimo Tottenham, ilifunga jalada lake, kwa kudhani kuwa familia imehama. Kouao na Manning walipatikana na hatia ya mauaji Januari 2001 na wakahukumiwa kifungo cha maisha.

Ripoti ya Lord Laming, aliyeongoza uchunguzi wa kifo hicho, ilitoka Januari 2003. Ilitaja nafasi 12 ambazo mtoto angeokolewa kwa jambo dogo tu, bila ustadi wa pekee. Idara za ustawi za halmashauri nne, timu mbili za polisi za kulinda watoto, hospitali mbili, na kituo kilichoendeshwa na NSPCC yenyewe, chama kile kilichozaliwa kutokana na kesi ya Mary Ellen, vyote vilikuwa na habari zake. Laming hakukubali kuwabebesha lawama yote wafanyakazi wa chini waliolemewa na majalada. Aliwageukia wakuu waliosema hawakujua yaliyokuwa yakitendeka katika ofisi walizolipwa kuziongoza, na mapendekezo yake 108 yaligusa ngazi zote.

Kutoka hapo fikra yenyewe ilipanuka. Zamani ulinzi wa mtoto ulimaanisha kuingilia kati akishaumia. Sheria ya mwaka 2004 na miongozo iliyofuata ilizitaka shule, hospitali, polisi na magereza zipange kazi zao za kila siku kwa namna ya kumweka mtoto salama kabla ya madhara: nani anaajiriwa kukaa na watoto, historia yake imechunguzwa vipi, malalamiko yanapelekwa kwa nani, nani anajua kuwa mtoto huyu haji shule. Kuchunguza waajiriwa kulikazwa hasa baada ya mabinti wawili wa miaka kumi kuuawa na mtunza majengo wa shule huko Soham mwaka 2002, mtu aliyekuwa ameshutumiwa mara kadhaa katika mkoa mwingine bila habari hizo kumfuata. Pamoja na yote hayo, mwaka 2007, katika eneo lilelile la Haringey, mtoto wa miezi 17 alikufa kwa mateso baada ya kuonwa na wataalamu mara 60 hivi. Mfumo hauna huruma yake wenyewe. Unasubiri mtu amwinamie mtoto na kumtazama.

Kwetu Tanzania hatua iliyonigusa kuliko zote haikuwa sheria, ilikuwa maswali. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa taifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, Bara na Zanzibar, na Tanzania ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kupima ukatili wa aina zote, wa kingono, wa kimwili na wa kihisia, kwa wasichana na wavulana pamoja. Vijana wa miaka 13 hadi 24 waliulizwa wenyewe. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011: karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Karibu robo tatu walikuwa wamepigwa ngumi, mateke au viboko, mara nyingi na ndugu na waalimu. Kati ya waliofanyiwa ukatili wa kingono, karibu nusu ya wasichana na theluthi moja tu ya wavulana walikuwa wamewahi kumwambia mtu. Serikali ilistahili sifa kwa kuzitangaza namba hizo badala ya kuzifungia kabatini.

Sheria ilikuwa tayari. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009 ilikusanya na kufuta sheria zilizotawanyika, nyingine za tangu ukoloni, na kuweka maslahi bora ya mtoto kuwa jambo la kuzingatiwa kwanza. Kifungu cha 95 kinamtwika kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa anapojua kuwa haki ya mtoto inavunjwa. Zanzibar ikapata sheria yake mwaka 2011. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, hospitali kadhaa za Zanzibar zina vituo vya Mkono kwa Mkono, na MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto ulioanza 2017/18, ukaunda kamati hadi vijijini.

Udhaifu wetu mkubwa ninaouona uko sebuleni, pale kesi ya mtoto inapomalizwa kifamilia. Wazee wanaketi, fidia inajadiliwa, jina la ukoo linasitiriwa, na aliyeumizwa yuko chumba cha pili, haitwi kusema lolote. Jirani aliyesikia kilio anajiambia ya Ngoswe muachie Ngoswe. Hayo ndiyo maneno ya nyumba za New York mwaka 1873 na ya ngazi za Tottenham mwaka 1999, kwa lugha nyingine.

Basi, ndugu msomaji, kama katika nyumba yako au ya jirani yupo mtoto aliyeletwa kulelewa, binti wa kazi, mtoto wa marehemu kaka, yule aliyeacha kwenda shule ghafla, kaa naye peke yake umuulize habari zake, umsikilize hadi amalize. Ukishuku jambo, nenda kwa afisa ustawi wa kata, au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Huhitaji ushahidi. Au piga 116, namba ya simu ya watoto Tanzania na Kenya. Haitozwi senti.